Daftari la Nyonga

Daftari hili lilikuwa la madeni ya duka.
Kurasa za mbele bado zina sukari robo, mafuta ya taa,
na jina la Mwaringa, ambaye hakulipa.
Kuanzia katikati ni mbwa.

Sila, jike, rangi ya mchanga uliolowa.
Mamaye Tunu, babaye Boma wa Mambrui.
Nyonga safi. Macho safi. Moyo: daktari alisikiliza mara mbili.
Watoto saba. Mmoja hakunyonya.
Naandika na huyo.
Huyo ndiye wa kuandikwa kwanza.

Bi Mwanaesha huchungulia juu ya ua,
buibui kalikusanya lisiguswe na mkia:
"Nyevu, hata mbwa wamwandikia nasaba, kama sharifu?"
Namwambia, sharifu hujulikana kwa babu,
mbwa hujulikana kwa shangazi.

Nilichelewa kulijua hilo.
Dume aweza kusimama kama boriti ya mkoko,
akaruka ukuta wa jumba la Kasuarina,
na damuni amebeba kilema cha nduguye
kama tarishi na barua asiyoifungua.

Jabari ndiye aliyenifundisha.
Kifua kile! Watu walisimamisha pikipiki wamtazame.
Kombe akaja na elfu arobaini, noti zimefungwa raba:
"Mpandishe na Sila, watoto wote wangu."
Nikasema nipe wiki mbili.
Nikapiga simu.

Gede: dadaye. Mzima, ila ngazi hapandi.
"Mvivu tu huyo."
Watamu: kakaye. Aliuzwa. "Alikuwa mkali akiguswa mgongo."
Maweni: mwenyewe akakata. Nikapiga. Akakata.
Mara ya tatu akapokea mkewe, sauti ya chini, sufuria zikilia nyuma yake:
"Miguu ya nyuma ilimwisha akiwa na miaka miwili.
Usiseme ni mimi niliyekwambia."

Nani atataka kusema?
Mbwa mgonjwa hushusha bei ya ndugu zake.
Basi kila nyumba ilificha kipande chake
na kukipa jina: uvivu, ukali, mkosi.
Nilipoviweka ukurasa mmoja
vikawa nyonga.

Kombe aliondoka na noti zake, na matusi akaniachia.
Jabari hakuelewa. Alilala mlangoni kama kawaida,
akaota, akakimbia hewani kwa miguu yote minne.

Usiku ule nilitaka kumpigia Sila mistari mipya,
mkono ukaandika jina la mama.
Dhahabu wa Ngowa, Ganda. Watoto sita.
Mramba, miaka minne: tuliambiwa jicho la mtu.
Sidi, kabla ya kutambaa: tuliambiwa homa.
Na binamu wa Kakoneni, macho ya manjano,
viungo vikimlilia kila mvua: koma wamekasirika.
Mficha maradhi kifo humuumbua,
lakini kwetu hakikumuumbua mtu.
Kilichukua watoto tu, kikaenda.

Asubuhi nilikwenda kwa wifi yangu Kadii, tumbo la miezi minane.
Nikamwambia: akizaliwa, apimwe damu.
Akanitazama sana.
"Nyevu. Sasa umenifanya mbwa?"
Sikuwa na jibu zuri. Sina hata leo.
Nilimfungulia ukurasa, nikakaa kimya,
naye akasoma na kidole chake,
kikafika kwa Sidi, kikasimama.

Kisigino kimoja, tone moja.
Selimundu. Anayo.

Yuko hai. Ana miezi kumi na moja.
Hunywa dawa yake asubuhi na jioni, huitema, hupewa tena.
Juzi, hapa uani, alijivuta kwa manyoya ya Jabari,
Jabari akakaza nyonga zake zisizoaminika
na kumngoja
mpaka akasimama.

Nimeandika tarehe.